Jedwali na Hukumu Zake: Uhakiki wa Hesabu za Ukaribu wa Lugha kwa Mfano wa Kikamba cha Kitui na Makueni

Katika taaluma ya lugha za Kiafrika hakuna maandishi yanayosomwa kwa heshima nyingi na kwa uangalifu mchache kama jedwali la asilimia. Shairi likichapishwa, wahakiki hulichunguza vina na mizani yake. Riwaya hupimwa wahusika wake mmoja mmoja. Hata kamusi huulizwa ilikotoa maneno yake. Lakini mwandishi akituwekea pembetatu ya tarakimu, yenye majina ya lugha ukingoni na asilimia za ukaribu ndani yake, huenda tukaifuata moja kwa moja ile tarakimu tuitakayo, tukaichukua, na kuiandika katika mihadhara yetu kana kwamba iliokotwa njiani ikiwa imekwisha kukamilika.

Makala haya yanadai kwamba jedwali la namna hiyo ni matini kama matini nyingine. Lina mtunzi, lina maamuzi, lina yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa. Na mahali pa kulihakiki si katika tarakimu zenyewe bali katika zile hukumu zilizotangulia kuhesabu, ambazo aghalabu hutupwa siku jedwali linapohifadhiwa. Mfano wetu ni Kikamba, na hasa Kikamba cha Kitui na cha Makueni, kwa sababu lugha hii imekwisha kuwekwa katika majedwali kwa zaidi ya miaka mia moja na sabini, na karibu kila mara imewekwa kama kitu kimoja kisicho na sehemu.

Jedwali la kwanza tunalolijua lilichapishwa Tübingen mwaka 1850. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alitoa msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, nao aliupanga kwa safu: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, kama alivyoziita. Mwaka mmoja kabla yake, 1849, alikuwa amefika Kitui akawa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi. Mwaka 1885 J. T. Last, mmisionari aliyefanya kazi Mamboya katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alitoa sarufi ya Kikamba, na mwaka huohuo akatoa orodha linganishi ya maneno ya lugha nyingi za mashariki ya Afrika. Kazi hizo hazikuhesabu kitu. Ziliyaweka maneno bega kwa bega, na msomaji akaachiwa macho yake. Huo ni unyenyekevu ambao hatukuuthamini ipasavyo, kwa maana anayesoma safu ya Krapf hata leo anaweza kumpinga Krapf neno kwa neno.

Mambo yalibadilika pale maneno yalipogeuzwa kuwa idadi. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa mwaka 1948, alikipa Kikamba nafasi katika ukanda wa E pamoja na Kigikuyu, Kiembu, Kimeru na Kitharaka, na alama E.55 imekiganda tangu hapo. Katika miaka ya hamsini Morris Swadesh alieneza njia ya kupima ukaribu wa lugha kwa orodha fupi ya maneno ya msingi, kwanza maneno 200, kisha 100. Mwaka 1980, katika kitabu cha Polomé na Hill kuhusu lugha nchini Tanzania, Derek Nurse na Gérard Philippson walichapisha uchunguzi wao wa lugha za Kibantu za Afrika ya Mashariki kwa njia hiyo ya takwimu za msamiati. Kisha mwaka 1999 Yvonne Bastin, André Coupez na Michael Mann walitoa kazi kubwa kuliko zote, iliyolinganisha orodha 542 kwa maneno 92.

Hebu tusimame kidogo hapo penye 542. Orodha 542 zikilinganishwa kila moja na kila nyingine huzaa jozi 146,611. Na kila jozi ikipimwa kwa maneno 92, hukumu zinazoweza kuhitajika ni 13,488,212. Hakuna mwanadamu wa kuzihesabu hizo kwa kalamu. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa na kompyuta, kwa njia ya skripti, yaani mfuatano mfupi wa maagizo ambao mashine huusoma na kuutekeleza bila kuulizauliza. (Tunasema kompyuta. Tarakilishi na ngamizi ni majina yaliyotungwa kwa bidii, na la kwanza lingali na watetezi wake hapa Kenya, lakini ugomvi huo si wa makala haya.) Skripti husoma faili ya orodha, huchukua lugha mbili, hupita neno baada ya neno, huongeza moja kila inapoambiwa kwamba maneno mawili ni ya asili moja, hugawanya jumla kwa idadi ya maneno, huandika tokeo katika jedwali, na mwisho huliweka jedwali katika faili nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akifundishwa vizuri huiandika kwa mistari isiyozidi ishirini. Wepesi huo ndio unaotutia mashaka, kwa kuwa katika ile mistari ishirini hamna hata mmoja unaoeleza nani aliamua kwamba maneno mawili ni ya asili moja.

Tuchukue faili ndogo ambayo msomaji anaweza kuihakiki kwa vidole vyake. Ina hesabu za moja hadi kumi katika Kiswahili, Kikamba na Kigikuyu, kila mstari neno moja, lugha zikitengwa kwa alama ya mkato:

moja, ĩmwe, ĩmwe
mbili, ilĩ, igĩrĩ
tatu, itatũ, ithatũ
nne, inya, inya
tano, itaano, ithano
sita, thanthatũ, ithathatũ
saba, mũonza, mũgwanja
nane, nyanya, inyanya
tisa, kenda, kenda
kumi, ĩkũmi, ikũmi

Swali la kwanza: Kikamba na Kigikuyu vinakaribiana kwa kiasi gani? Skripti isiyo na elimu, inayolinganisha maandishi herufi kwa herufi, itaona usawa katika ĩmwe, inya na kenda tu. Tokeo ni 30 kwa mia. Mwanaisimu atacheka. Yeye anajua kwamba g ya Kigikuyu mara nyingi haina kitu mbele yake katika Kikamba, kama inavyoonekana katika mũgũnda wa Kigikuyu na mũũnda wa Kikamba. Anajua pia kwamba r ya huku inaweza kukutana na l ya kule. Kwa hiyo ataona kwamba igĩrĩ na ilĩ ni neno moja, na mũgwanja na mũonza vilevile, na atahesabu kumi juu ya kumi. Tokeo lake ni 100 kwa mia. Kati ya 30 na 100 hakuna neno hata moja lililoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni hukumu, na hukumu hiyo haimo katika faili.

Swali la pili ni gumu zaidi: Kikamba na Kiswahili je? Maneno ya mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi hayana ugomvi mkubwa. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, hivyo hayawezi kuhesabiwa pamoja na thanthatũ, mũonza na kenda. Linabaki moja. Je, mzizi wa -moja na ule wa -mwe ni asili moja? Wako watakaosema ndiyo kwa kurejea mizizi ya Kibantu cha kale, na wako watakaotaka ushahidi zaidi. Asemaye ndiyo atapata 70 kwa mia, asemaye hapana atapata 60. Lakini hata kabla ya hapo, nani ameamua kwamba Kiswahili cha kuwekwa katika orodha ni kile cha sita na tisa? Kiswahili kimewahi kuhesabu tandatu na kenda, na kamusi zetu zingali zikiyatunza maneno hayo, kama zinavyolitunza fungate, ambalo leo limebaki jina la siku saba za arusi. Tukiweka tandatu, fungate na kenda mahali pa sita, saba na tisa, Kikamba kinapata jozi mbili zaidi, kwa kuwa fungate na mũonza hayakutani. Sasa asilimia ni 80, au 90 kwa yule aliyeikubali -moja. Lugha ni zilezile mbili, hesabu ni zilezile kumi, na jedwali linaweza kutuambia 60, 70, 80 au 90, kila mara kwa ukweli kamili wa hesabu.

Tunakiri kwamba tumechagua mfano wenye makali. Orodha za msingi zilitungwa makusudi ili kukwepa maneno yaliyokopwa, na orodha ya maneno 92 haiyumbi kama orodha ya maneno kumi. Lakini kuyumba kidogo si kutoyumba, na hasa pale mwandishi anapojenga nadharia ya uhamiaji juu ya tofauti ya asilimia tatu au nne. Katika orodha ya maneno 92 kila neno lina uzito wa zaidi kidogo ya asilimia moja. Hukumu nne za mashaka zinatosha kuhamisha ukoo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaisimu wengi huliona kuwa la karani, nalo ni la alfabeti. Kikamba kina irabu saba, na maandishi yake huzitofautisha kwa kuweka kiwimbi juu ya i na u. Kiwimbi hicho si pambo. Ĩvia ni jiwe moja, wingi wake mavia. Iveti ni wingi wa kĩveti, mke. Kiambishi ĩ- cha umoja wa ngeli moja na kiambishi i- cha wingi wa ngeli nyingine hutengwa na alama hiyo tu. Ikifutwa, ivia na iveti huonekana kama ndugu wa ngeli moja, na mwanafunzi wa sarufi atapotea kabla hajaanza safari.

Nayo imefutwa mara nyingi. Mfumo wa herufi wa ASCII uliowekwa Marekani mwaka 1963 una nafasi 128 tu, na hauna kiwimbi juu ya irabu yoyote. Mfumo uliofuata, uliotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Magharibi, uliipa nafasi ã ya Kireno na ñ ya Kihispania, lakini ĩ na ũ za Ukambani hazikuingia. Zilipata makao yao katika Yunikodi, iliyoanza kutolewa mwaka 1991. Kwa hiyo orodha ya Kikamba iliyoingizwa katika kompyuta zamani ama ilivuliwa viwimbi vyake, ama iliandikwa kwa alama za kubuni ambazo leo hakuna azijuaye isipokuwa aliyezibuni.

Msomaji asidhani kwamba hilo haligusi hesabu. Turudi kwenye faili yetu. Kikamba kimeandika ĩkũmi, Kigikuyu ikũmi. Faili ikihifadhiwa bila viwimbi, yote mawili huwa ikumi, na ile skripti isiyo na elimu iliyotupa 30 sasa itatupa 40: lugha mbili zimesogeleana kwa sababu karani alikosa alama. Yunikodi nayo imeleta mtego wake. Ndani yake ĩ yaweza kuandikwa kwa njia mbili, ama kama herufi moja kamili, ama kama i ikifuatwa na kiwimbi cha kujitegemea kinachopandishwa juu yake. Kwa macho hazina tofauti hata chembe. Kwa mashine ni vitu viwili. Ikiwa safu ya Kikamba ilichapwa kwa njia moja na safu ya Kigikuyu kwa njia nyingine, ĩmwe hailingani tena na ĩmwe, na asilimia huanguka hadi 20. Basi tumepata 20, 30, 40 na 100 kutoka katika maneno yaleyale ya lugha zilezile. Dawa ya mtego huu ipo na ni rahisi, ni amri moja ya kusawazisha herufi kabla ya kulinganisha. Lakini anayesoma jedwali lililochapishwa hana njia ya kujua kama amri hiyo ilitolewa.

Alama ndogo nyingine zina madhara yanayofanana. Kinukta cha juu katika ng'ombe na katika kĩw'ũ, ambalo ni neno la maji, ndicho kinukta ambacho lugha nyingi za kuandikia skripti hukitumia kufungua na kufunga maneno, na asiyejihadhari huona ng'ombe amekatwa kichwa. Mkato nao hutenga safu; mchunguzi akiandika maana ya neno kuwa «mzee, baba wa nyumba» bila kuifunga, mstari mzima husogea hatua moja kulia, na neno la Kigikuyu hujikuta katika safu isiyo yake. Hayo ya karani tuyaache hapo.

La maana ni zito kuliko la herufi. Katika Kikamba mũtumĩa ni mzee, mtu wa baraza. Katika Kigikuyu mũtumia ni mwanamke aliyeolewa. Mchunguzi anayekwenda na orodha ya maana, kama tufanyavyo sote, atauliza neno la mzee na kupewa mũtumĩa upande huu na mũthuri upande ule: sifuri. Atauliza neno la mwanamke na kupewa mũndũ mũka huku, mũtumia kule: sifuri tena. Maneno mawili yanayofanana kiasi hiki yatakuwa yameleta hasara mara mbili katika hesabu ya ukaribu, na swali la kuvutia kuliko yote, yaani imekuwaje jina moja likatua juu ya mzee mwanamume upande mmoja na juu ya mke upande wa pili, halitaulizwa, kwa kuwa jedwali limejibu kabla. Hapa mtu wa fasihi na mtu wa takwimu wanahitajiana. Historia ya jamii mbili imo katika sifuri hizo mbili, na skripti imezipanga sawa na sifuri ya sita na thanthatũ.

Na kigawanyo je? Tuseme orodha ya mahali fulani Kitui ina mapengo manane kati ya maneno 92, kwa kuwa msemaji hakulitambua swali au jua lilikwisha kuzama. Maneno 60 yamekubalika kuwa ya asili moja na orodha ya pili. Ukigawanya kwa 92 unapata 65.2 kwa mia. Ukigawanya kwa 84 yaliyopo pande zote mbili unapata 71.4. Njia ya pili ndiyo ya haki, maana pengo si tofauti. Lakini majedwali huchapisha asilimia bila sehemu zake, na 71 iliyotokana na maneno 84 husimama sawa na 71 iliyotokana na maneno 21. Ni ajabu kwamba tunamdai mwanafunzi ataje ukurasa wa nukuu yake, kisha tunamruhusu aache kutaja kigawanyo.

Sasa tufike penye jina la mstari wenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 katika Kaunti ya Makueni; waliojitaja kuwa Wakamba nchini kote walikuwa 4,663,910. Katika majedwali mengi makubwa wote hao ni mstari mmoja, E.55. Atlasi ya lugha na lahaja za Kenya, iliyoanza kutolewa mwaka 1980 na Bernd Heine na Wilhelm Möhlig, iliweka neno lahaja katika jina lake, na katika vitabu vya Kikamba hutajwa mara kwa mara Kimasaku, Kitui ya Kusini, Kitui ya Kaskazini na Mumoni. Makueni haimo katika majina hayo. Sababu ni ya kiutawala: Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na kwa hiyo kila orodha ya zamani iliyoandikwa «Machakos» huenda ilichukuliwa Makueni au isiwe hivyo, na jedwali halisemi.

Wala kuandika «Makueni» hakutatusaidia sana. Ndani ya kaunti hiyo mna milima ya Mbooni na Kilungu. Mapokeo ya Wakamba huitaja Mbooni kama kitovu ambako watu walienea, wengine wakivuka mto Athi kwenda Kitui, na mwamba wa Nzaui una nafasi yake katika simulizi za asili. Humohumo mna nyanda za chini ambazo serikali ya kikoloni iliwahamishia watu kutoka milimani katika mpango wa makazi wa Makueni wa miaka ya arobaini. Na mna Kibwezi na Makindu, zilizo kandokando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, ambako Kiswahili kimepita kila siku tangu reli ijengwe. Kikamba cha mahali pa kale kabisa na Kikamba cha mahali papya kabisa viko chini ya jina moja la kaunti. Kitui nayo haina umoja mkubwa zaidi: mtu wa Mumoni anatazamana na Watharaka ng'ambo ya Tana, mtu wa Mutomo yuko mbali nao kabisa. Kama Mumoni ingepewa mstari wake, ingekuwa karibu na Kitharaka kuliko Mbooni ilivyo? Jedwali lenye mstari mmoja haliwezi kuulizwa swali hilo. Na mkopo nao ungeonekana mahali pake: mbesa, ĩvuku na sukulu yameenea Ukambani kote, lakini kama maneno ya msingi kabisa yameanza kuguswa na Kiswahili Kibwezi kuliko Mwingi, hilo ni tokeo la maana ambalo mstari mmoja unalifunika.

Kwa nini tushughulike hivyo? Kwa sababu mstari mmoja huzaa kitabu kimoja. Lahaja ya Masaku ndiyo iliyoshika nafasi ya Kikamba sanifu, na ndiyo iliyotumiwa katika Biblia iliyokamilika mwaka 1956. Taasisi ya Elimu ya Kenya iliwahi kutoa mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha za wilaya mbalimbali. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini. Na mtaala ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umezipa lugha za asili somo lake katika madarasa hayo. Mtoto wa Kyuso anaposoma «kikwetu» na kukuta maneno ambayo nyanyake hayasemi, mwalimu huhitaji kujua kama hilo ni kosa la mtoto, kosa la kitabu, au tofauti halali ya lahaja. Kupanga lugha kunahitaji sanifu, na hatusemi kila kijiji kichapishiwe kitabu chake. Tunasema kwamba asilimia iliyokokotolewa kutoka orodha moja isiyojulikana mahali ilikochukuliwa si hoja ya kumnyamazisha mwalimu huyo.

Huenda msomaji akauliza: basi tuyaache majedwali? La. Kosa si la kuhesabu. Bila hesabu tungerudi kwenye kusema kwamba lugha fulani «zinafanana sana», na usemi huo hauhakikiwi kwa njia yoyote. Tunalolaumu ni desturi ya kuhifadhi tokeo na kutupa njia. Mfano mzuri tunao. Nurse na Philippson walikusanya orodha zao ndefu za maneno katika miaka ya sabini, na maneno yenyewe yaliingizwa baadaye katika mradi wa kamusi linganishi ya Kibantu ulioanzishwa Berkeley mwaka 1994 na Larry Hyman na John Lowe, ambako mtu aliweza kuyasoma na kutokubaliana nayo. Hukumu za Bastin na wenzake zilikuwa na bahati kama hiyo. Mwaka 2002 Clare Holden alichukua hukumu za lugha 75 kati ya zile, akazitumia kwa njia nyingine kabisa, njia ya kujenga matawi kwa kufuata neno moja moja badala ya asilimia. Angekuwa na asilimia peke yake kazi hiyo isingewezekana. Asilimia ni maneno yaliyokwisha kusagwa. Unga haurudi kuwa punje ili mwingine auchambue.

Kwa hiyo jedwali lihifadhiwe kama kitu kinachoweza kuzaliwa upya. Faili ya maneno isimame peke yake, kila neno likiwa na mahali lilikosikiwa, mwaka, na makamo ya msemaji, viwimbi vikiwa vimesawazishwa kwa njia moja. Hukumu ziwe katika faili ya pili, kila moja ikiwa na jina la aliyeihukumu na, pale penye shaka, neno moja la sababu, ili atakayekuja aweze kugeuza -moja kuwa hapana na kuona nini kinatokea. Skripti iwekwe pamoja nazo. Jedwali lenyewe lisiguswe kwa mkono kamwe. Likikutwa na kosa, kosa litafutwe katika faili mbili za kwanza na jedwali likokotolewe tena. Na katika kila chumba cha jedwali ziandikwe sehemu, 60/84, kabla ya asilimia. Toni iandikwe pia na wale wanaoweza. Whiteley na Muli, katika kitabu chao cha kujifunza Kikamba cha mwaka 1962, hawakuichukulia toni kama jambo la pembeni, wala uchunguzi uliofuata haukuiacha. Maandishi ya kawaida ndiyo yasiyoionyesha.

Kwa upande wa Kitui na Makueni kazi hiyo haihitaji msafara mkubwa. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kitui kwenyewe, na wanafunzi wengi wa isimu wa vyuo vyetu wana nyumba zao katika kata hizohizo. Orodha za Mumoni, Mwingi, Kitui ya kati, Mutomo na Ikutha upande wa mashariki wa Athi, na za Mbooni, Kilungu, Nzaui, Makindu na Kibwezi upande wa magharibi, zingetupa mistari kumi mahali pa mmoja, yaani jozi 45 za ndani ya Kikamba pekee, ambazo hazimo hata moja katika majedwali ya E.55. Jozi ya kutazamwa kwanza ni Mbooni na Mumoni, halafu Mumoni na Kitharaka. Na pembeni uongezwe mstari wa Kidaiso cha mkoa wa Tanga, E.56 ya Guthrie, ambao wasemaji wake wanatengana na ndugu zao wa lugha kwa mamia ya kilomita, na ambao Nurse aliuandikia kitabu mwaka 2000 akionyesha jinsi urithi na ukopaji unavyochanganyika ndani yake. Kidaiso kimelinganishwa na Kikamba mara kadhaa. Hakijalinganishwa bado na Kikamba cha mahali kilichotajwa jina.